Mahakama ya mfano ya haki za binadamu iwe ya kila mwanafunzi wa sheria

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo ambalo vyuo vyetu vinavyofundisha sheria vimelizoea kiasi cha kuliona dogo, nalo ni mashindano ya mahakama ya mfano ya haki za binadamu, ambamo wanafunzi hutetea kesi ya kubuni mbele ya jopo la majaji. Chuo huteua wanafunzi wawili, huwatafutia nauli kwa taabu, huwapiga picha wakiwa wameshika bendera ya Taifa, na wakisharudi habari yao huishia kwenye ubao wa matangazo. Mimi ni wakili. Nilishiriki mashindano hayo nilipokuwa mwanafunzi, na tangu nianze kazi nimekuwa nikialikwa kuwanoa wanafunzi kabla hawajasafiri, na mara nyingine kuketi mbele yao kama jaji wa mazoezi. Ninachokiomba ni kimoja: zoezi hili lisiendelee kuwa zawadi ya wawili waliochaguliwa. Kila anayesomea shahada ya sheria katika nchi hii alipitie kabla ya kuhitimu, kwa sababu sijaona mhadhara wala mtihani unaomfundisha mtu kutetea haki ya mwenzake kama linavyofanya zoezi hili.

Kwa msomaji asiyeyafahamu, Mashindano ya Afrika ya Mahakama ya Mfano ya Haki za Binadamu yalianza mwaka 1992 mjini Harare, katika Chuo Kikuu cha Zimbabwe, na mratibu wake ni Kituo cha Haki za Binadamu cha Chuo Kikuu cha Pretoria. Inafaa kukumbuka kwamba mwaka huo Afrika Kusini yenyewe ilikuwa bado haijafanya uchaguzi wake wa kwanza wa watu wote, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilikuwa haijazaliwa hata kwenye karatasi, kwa kuwa itifaki ya kuianzisha ilipitishwa Ouagadougou mwezi Juni 1998. Wanafunzi wa Afrika walianza kutoa hoja mbele ya mahakama ya bara lao miaka kadhaa kabla wakuu wa nchi hawajakubaliana kuiunda. Mwaka 2006 UNESCO ilikipa Kituo hicho tuzo yake ya elimu ya haki za binadamu, na mashindano haya yalikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa.

Utaratibu wake ni huu. Waandaaji hutunga shauri la nchi isiyokuwapo, yenye katiba yake, historia yake, mikataba iliyoridhia na ile isiyoridhia, na watu wake wanaodai kuonewa. Kila timu huandika hoja za pande zote mbili, za mleta maombi na za Serikali inayojibu maombi, kisha husimama kuzitetea kwa mdomo mbele ya jopo la majaji ambao ni walimu wa sheria, mawakili na wakati mwingine majaji wa kweli. Upande hauchagui wewe. Unapangiwa, na katika duru tofauti unabadilishiwa.

Hapo pa kubadilishiwa upande ndipo elimu kubwa ilipo. Mwanafunzi aliyejiunga na timu kwa sababu moyo wake unachomwa na dhuluma hununa anapopangiwa kuitetea Serikali. Nimewasikia wengi wakiuliza kwa nini wao, walioingia humu kwa ajili ya haki za binadamu, wapewe kazi ya kumlinda anayezivunja. Huwa siwajibu kwa maneno. Huwapa jalada la kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila na kuwaambia waandike utetezi wa Serikali kana kwamba ajira yao inautegemea. Wasomaji wengi wanaikumbuka kesi hiyo ya mgombea binafsi. Mwaka 1994 Jaji Kahwa Lugakingira wa Mahakama Kuu, akiwa Dodoma, aliamua kwamba raia asizuiwe kugombea kwa sababu tu hana chama. Bunge likabadilisha Katiba. Mahakama Kuu ikarudia msimamo huo mwaka 2006. Na mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema jambo hilo ni la kisiasa, likaamuliwe na Bunge. Ndipo shauri likafika Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika, pamoja na lile la Chama cha Wanasheria Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, na hukumu ikatoka tarehe 14 Juni 2013.

Mwanafunzi anayeandika utetezi wa Serikali katika jalada hilo hugundua upesi kwamba hoja za Serikali si upuuzi. Ibara ya 27 ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu inasema haki zitatumiwa kwa kuzingatia haki za wengine, usalama wa jamii, maadili na maslahi ya wote. Nchi iliyotoka katika mfumo wa chama kimoja, yenye makabila mengi na dini zaidi ya moja, ina ya kusema kuhusu umoja wake. Tena Serikali ilidai kwamba shauri lilifikishwa Arusha kabla ya wakati wake, kwa kuwa suala lilikuwa bado linaweza kushughulikiwa na Bunge. Mwanafunzi akishaijenga hoja hiyo kwa nguvu zake zote, ndipo anaposoma jinsi Mahakama ilivyoibomoa: kwamba njia za ndani ya nchi zinazopaswa kumalizwa ni za kimahakama, na Bunge si mahakama, kwa sababu mchakato wake ni wa kisiasa na mlalamikaji hawezi kuudai kama haki yake, na kwamba anayezuia haki ndiye anayepaswa kuonyesha kuwa kizuizi chake kinalingana na shabaha anayoitaja. Asiyewahi kukaa upande wa Serikali hujua kwamba Mtikila alishinda, lakini hawezi kukueleza ni wapi hasa kesi ile ingeweza kupotea.

Ndiyo maana siyapokei madai ya baadhi ya wenzangu kwamba zoezi hili linawafundisha vijana ubingwa wa maneno, leo watetee hiki na kesho kinyume chake bila dhamira. Nimeona kinyume cha hayo. Mwanafunzi aliyelazimika kuusikiliza upande wa pili hadi akauandikia hoja anarudi kwa mlalamikaji wake akiwa mnyenyekevu zaidi na mkali zaidi, kwa sababu sasa anajua atashambuliwa wapi. Mawakili wa Serikali nao hutoka katika madarasa hayohayo. Kijana aliyewahi kusimama mara moja kumsemea mfungwa wa kubuni atakapoajiriwa kuishauri wizara, kuna swali atakaloliuliza kabla amri haijatiwa saini, na swali hilo huenda likawaepusha watu wengi na safari ya mahakamani.

Jambo la pili ambalo wanafunzi hulipata kwa jasho ni subira ya kanuni. Karibu wote wanapoanza mazoezi hutaka kwenda moja kwa moja kwenye machungu: mateso ya mtuhumiwa, watoto waliofukuzwa shule, kijiji kilichobomolewa. Jaji huwakatiza kwenye sentensi ya pili na kuuliza kwa nini Mahakama hii iwasikilize. Ina mamlaka? Masharti saba ya Ibara ya 56 ya Mkataba wa Afrika yametimizwa? Umemaliza njia zote za kisheria za nchini mwako? Mbona umechelewa kuja? Nakumbuka mwanafunzi mmoja wa kike, hodari wa kuzungumza, ambaye katika mazoezi yake ya kwanza alikatizwa namna hiyo akanyamaza, kisha akasema kwa hasira kwamba mteja wake ameteswa na Waheshimiwa Majaji wanamuuliza habari za tarehe. Alikuwa amesema kweli ambayo kila wakili huiishi. Tarehe ndizo zinazofungua mlango au kuufunga, na mteja aliyeteswa anahitaji wakili anayezijua kuliko anavyohitaji wakili anayeweza kulia naye.

Kesi ninayoipenda kuwafundishia somo hilo ni ya Alex Thomas dhidi ya Tanzania, iliyoamuliwa tarehe 20 Novemba 2015. Mtu huyu alihukumiwa kifungo cha miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, na hakuwahi kupewa wakili katika mashtaka mazito kiasi hicho. Alipofika Arusha alipingwa kwamba amechelewa. Mahakama ikaangalia miaka mitatu na miezi mitano iliyohesabiwa dhidi yake, ikamwangalia na mwenyewe alivyokuwa: mfungwa, asiye na uwezo, asiyejua sheria, asiye na msaada wa wakili, ikasema kwa mtu wa hali hiyo muda huo ni wa kueleweka. Kisha ikaona haki yake ya kusikilizwa chini ya Ibara ya 7 ilivunjwa. Mwanafunzi anayeisoma hukumu hii ili apate alama za mtihani huondoka na kanuni. Anayeisoma kwa sababu kesho atasimama na kuulizwa juu yake hulazimika kujiuliza miaka mitatu gerezani bila wakili ina urefu gani, na ni nani ampe mtu kama huyo karatasi ya kuandikia maombi yake. Miaka miwili baada ya hukumu hiyo nchi yetu ilipata Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Sheria hiyo inahitaji watu wa kuitekeleza, na watu hao ndio tunaowafundisha sasa, wengi wao bila ya kuwahi kusimama mbele ya yeyote kumsemea yeyote.

Sasa nifike kwenye swali ambalo wanafunzi wa Tanzania huniuliza, na ambalo wenzao wa nchi nyingi hawana sababu ya kuliuliza. Tarehe 21 Novemba 2019 Serikali yetu iliwasilisha uamuzi wa kuondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi kwenda moja kwa moja mbele ya Mahakama ya Afrika, tamko iliyokuwa imelitoa mwaka 2010, na uamuzi huo ukaanza kufanya kazi mwaka mmoja baadaye. Rwanda ilikuwa imefanya hivyo mwaka 2016, na mwaka 2020 zikafuata Benin na Côte d'Ivoire. Wiki moja baada ya hatua yetu, tarehe 28 Novemba 2019, Mahakama hiyohiyo iliamua katika kesi ya Ally Rajabu na wenzake kwamba adhabu ya kifo ya lazima, isiyomwachia jaji nafasi ya kupima mazingira ya kosa na ya mkosaji, inavunja haki ya kuishi. Mahakama iko Arusha, katika ardhi yetu, na Mtanzania wa kawaida hawezi tena kubisha hodi hapo kwa jina lake. Wanafunzi wanauliza: tunajizoeza kwa ajili ya mahakama gani?

Swali hilo linaniuma, na silikwepi. Naamini Serikali ilikosea, na naamini itafika siku tamko lile lirudishwe. Lakini hata leo mlango haujafungwa wote. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Banjul bado inapokea malalamiko, na inaweza kulifikisha shauri Arusha kwa jina lake yenyewe. Kenya haijawahi kutoa tamko kabisa, na bado jamii ya Ogiek ya Msitu wa Mau ilipata hukumu tarehe 26 Mei 2017, kisha uamuzi wa fidia tarehe 23 Juni 2022, kwa sababu Tume ndiyo iliyoibeba kesi yao. Nani aliyejua njia hiyo? Ni watu waliojifunza kuusoma Mkataba wa Afrika na itifaki zake ibara kwa ibara, kama wanafunzi wanavyolazimika kuusoma wanapojiandaa na mashindano. Wapo pia majaji wa Mahakama ya Afrika Mashariki, hapohapo Arusha, ambao mtu binafsi anaweza kuwafikia ikiwa hatapitisha miezi miwili iliyowekwa na mkataba wa Jumuiya. Kubwa kuliko yote ni Mahakama Kuu yetu wenyewe, ambako haki zilizomo katika Ibara ya 12 hadi ya 29 za Katiba hudaiwa kwa kufuata Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi. Marekebisho ya mwaka 2020 yalimtaka anayefungua shauri la namna hiyo aonyeshe kwa kiapo jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika, kwa hiyo aliyetaka kumtetea mwenzake alihitaji ustadi zaidi wa kanuni kuliko aliouhitaji wakili wa miaka ya 1990. Milango inapopungua, wanaojua ilipo iliyobaki wanapaswa kuongezeka.

Niguse suala la lugha kwa ufupi, maana lina wasemaji wake. Kwa miaka mingi Mashindano ya Afrika yameendeshwa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno, na katika fainali timu bora za lugha hizo huchanganywa na kusikilizana kwa msaada wa wakalimani, hivi kwamba kijana wa Dar es Salaam anaweza kujikuta upande mmoja na wa Maputo wakimtetea mleta maombi mmoja. Hilo ni jema sana, na waliolipitia hubaki na marafiki bara zima. Hata hivyo, tangu Februari 2022 Kiswahili ni lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika, na tangu mwaka 2021 sheria yetu inakitaja kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Sisi wenyewe hatuna cha kusubiri, kwa kuwa duru za ndani ya vyuo vyetu zinaweza kuendeshwa kwa Kiswahili kesho asubuhi. Nimejaribu na wanafunzi wachache kuwataka watoe kwa Kiswahili hoja waliyoiandika kwa Kiingereza, na mara nyingi ndipo wanapotambua kwamba sehemu waliyoiona ngumu walikuwa wameikariri bila kuielewa.

Najua pingamizi litakalotolewa na wakuu wa vyuo, nalo ni fedha. Nauli, viza, ada ya ushiriki na malazi ya wanafunzi wawili na mwalimu wao ni mzigo, na ninafahamu chuo ambacho wanafunzi wake waliandika hoja nzuri, zikapokelewa, kisha wakabaki nyumbani kwa kukosa tiketi. Huzuni ya vijana wale sitaki kuieleza hapa. Lakini hoja ya fedha inahusu safari tu. Shauri la kubuni, chumba, meza tatu na watu watatu walio tayari kuuliza maswali magumu havihitaji viza. Majaji na mahakimu wetu wengi wangekubali kutoa alasiri moja kwa muhula. Baadhi ya waliostaafu wangefurahi kualikwa. Mawakili wa mikoa nao tuko, na nasema kwa uhakika kwamba tukiombwa tutakuja. Mashauri ya miaka iliyopita yanapatikana, na walimu wetu wanaweza kutunga mengine yanayotokana na maisha ya hapa: mfugaji aliyeondolewa katika eneo la hifadhi, mwanahabari aliyefungiwa gazeti, mahabusu aliyesubiri upelelezi usiokamilika.

Pendekezo langu, basi, ni kwamba kila kitivo na kila shule kuu ya sheria iliweke zoezi hili ndani ya mtaala, lenye alama zake, na mwanafunzi asihitimu kabla hajaandika hoja za pande zote mbili za shauri la haki za binadamu na kuzitetea kwa mdomo walau mara moja. Wale wawili wa kwenda mashindanoni wapatikane humo, mbele ya darasa zima, badala ya kuteuliwa ofisini kwa sababu wanajulikana kwa ufasaha wa Kiingereza. Nimekwisha kuona wanafunzi wapole, wasiotazamiwa na yeyote, ambao wakikatizwa na jaji hawababaiki. Husema "Mheshimiwa Jaji, naomba nijibu swali hilo kwa sehemu mbili", na kweli wakalijibu kwa sehemu mbili. Watu hao hatuwapati kwa utaratibu tulio nao sasa. Kwa wale wanaoendelea hadi Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, mazoezi ya vitendo huja wakiwa wamekwisha kupata shahada. Na wengi wengine huingia katika polisi, magereza, halmashauri na wizara bila ya kupita huko, nao ndio wanaokutana na mwananchi kabla hajafika kwa wakili yeyote.

Nawe Mhariri nina ombi kwako. Timu zetu zitakapoondoka tena, tafadhali chapisha kwa Kiswahili muhtasari wa shauri walilopewa, pamoja na hoja moja ya kila upande, na uwaachie wasomaji nafasi ya kuandika wangeamuaje. Kurasa za michezo humweleza msomaji kila pasi ya mechi iliyochezwa Ulaya, kwa hiyo nafasi ya kuwaeleza Watanzania jinsi vijana wao walivyojibu maswali ya majaji haiwezi kukosekana. Wanafunzi ninaowafahamu wako tayari kuuandika muhtasari huo wenyewe na kuuleta ofisini kwako kabla hawajasafiri.

Wako,
Wakili wa kujitegemea,
Arusha